Gitaa la Masika

Jumamosi, 1 Machi

Leo Remigius amenipasulia mbao. Yeye ni fundi seremala wa nyuma ya soko, na alipoona vipimo vyangu akauliza mninga mwembamba namna hii ni wa kabati la nani, la panya? Nikamwambia ni wa gitaa. Akacheka mpaka akazima mashine. Kisha akapasua vizuri kuliko nilivyotarajia, na kipande cha mwerezi cha uso wa gitaa akanichagulia mwenyewe kutoka kwenye rafu ya zamani iliyovunjwa, kimekauka hadi kinalia ukikigonga kwa kidole.

Mvua zikianza, watalii hupungua. Watalii wakipungua magari ya safari hulala, na yakilala, duka langu la vipuri huwa mahali pa kusikilizia redio. Kwa hiyo nina mikono isiyo na kazi na kibanda kitupu nyuma ya nyumba. Gitaa nimelitaka tangu niko shule. Ningeweza kushuka Arusha nikalinunua. Lakini nataka nilitengeneze, basi, kwa raha yangu.

Hanifa, mke wangu, amesema bora hilo kuliko kugombana na mtangazaji wa mpira.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeanza jana. Nimejiwekea sharti: mpaka Idi ipite hakuna kutia nyuzi. Kuchonga si kupiga.

Dada Zuena amepiga simu asubuhi kutoka Mbulumbulu. Viwavi wameingia kwenye mahindi, anataka dawa. Nimeipeleka. Barabara imeanza kulainika. Nimerudi adhana inakaribia, sikugusa hata msasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Nimechora umbo la gitaa kwenye kadibodi ya boksi la breki. Zuri.

Jumapili, 9 Machi

Dada tena. Kliniki ya presha, kwenda na kurudi. Tangu mumewe afariki, watoto wake wakiwa Mwanza na Dodoma, kila kitu ni mimi na gari langu. Najua alinilea. Mama alipotutoka, yeye alikuwa msichana bado, akaacha mambo yake akanifulia, akanipikia, akanipeleka shule kwa kunivuta sikio. Lakini nami nina maisha yangu. Njia nzima ananiambia naendesha polepole, naendesha kasi, Hanifa anazidisha chumvi, kwa nini nywele zako zina vumbi la mbao?

Nikamwambia natengeneza kabati. Sijui kwa nini nilificha. Labda nilitaka kitu kimoja ambacho hana neno nacho.

Jumatano, 12 Machi

Ubavu wa kwanza umevunjika.

Niandike ilivyo, ili nisirudie kosa. Ubavu wa gitaa ni kipande kirefu chembamba ambacho lazima kipindwe kiuno na makalio, kama mtu. Unakilowesha, kisha unakisugua polepole juu ya bomba la moto. Mimi nimetumia kipande cha bomba la eksozi kutoka dukani, nimekijaza mkaa. Mbao ikishapata joto huwa laini kama ngozi, na hapo usiiache. Nimeiacha. Mteja alikuja kutaka plagi, nikaenda kumfungulia duka, niliporudi imepoa. Nilipoikunja ikalia ta! Nimerudi kwa Remigius kuomba kipande kingine. Hakunicheka safari hii.

Ijumaa, 14 Machi

Ubavu mmoja umekubali. Uko kwenye kalibu, kiunzi cha mbao chenye umbo la gitaa, nimeufunga kwa vipande vya tyubu. Nimeenda kuutazama mara nyingi kama mtu mwenye mtoto mchanga.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa, nimekaa kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanawake.

Jana baada ya alasiri nilikuwa kibandani. Bomba lilikuwa limeshika moto vizuri na ubavu wa pili nilikuwa nimeulowesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshapinda kiuno, nimebakiza makalio. Simu ikaita. Ilikuwa juu ya meza, nikaiweka spika ili mikono isitoke kwenye mbao.

Dada Zuena. Alisema mvua imetulia huko kwao, amepika katlesi na mbaazi, anataka kuja kufuturu na sisi, alale, kesho arudi. Niende kumchukua.

Niliangalia mbao. Ilikuwa laini mkononi. Nilijua nikiiacha itavunjika kama ile nyingine. Nilijua pia ningeweza kumwambia hivyo hivyo: dada, nipe muda kidogo, nina kazi mkononi. Angelalamika, angengoja. Lakini nilikuwa nimechoka kujieleza. Nikasema, "Dada, betri imekufa."

Akauliza, "Imekufa?"

"Haishiki kabisa. Njoo siku nyingine."

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Mungu akupe wepesi."

Nilikuwa nimefunga. Nilisema uongo kinywa kikiwa kikavu kwa saumu, na haukunikwama kooni hata kidogo. Halafu nikaendelea na ubavu wangu, nao ukapinda vizuri ajabu, ukalala ndani ya kalibu kama ulizaliwa humo. Nilifurahi. Hilo ndilo ninalolirudia tangu jana. Wakati dada yangu anatoka nyumbani kwake na chakula chetu mkononi, mimi nilikuwa nafunga tyubu na kuimba kimoyomoyo.

Mvua ikarudi kwa nguvu. Hanifa alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Simu ikaita tena, namba nisiyoijua. Mwanamume akaniuliza kama mimi ni Yasini wa vipuri. Akasema dada yangu ameanguka na bodaboda kwenye mteremko kabla ya daraja, mguu umeumia, nije na gari.

Nilichukua funguo. Gari likawaka mara moja. Hanifa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Asubuhi alikuwa ameliendesha mwenyewe kwenda sokoni, na dirisha la jiko linatazama kibanda. Akaenda kunifungulia geti.

Nilimkuta ameketi chini ya upenu wa nyumba ya watu, mguu wa kulia umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Hotipoti lilikuwa kwenye tope, limefunguka, katlesi zimetapakaa na kuku wanazidonoa. Kijana aliyembeba, Silvanus, alikuwa kando ameshika bega lake, analowana, hakuna aliyemwambia aingie ndani. Wanaume walimbeba dada wakamlaza kiti cha nyuma. Hakulia. Nilipogeuza gari alisema neno moja tu.

"Limewaka."

Nikasema jirani amenisaidia kwa waya. Uongo wa pili haukuhitaji hata kufikiriwa. Akafumba macho, na njia nzima hakunikosoa uendeshaji.

Muuguzi alinipa tende tatu za kufuturia. Nilizitia mfukoni, bado zimo.

Jumatatu, 17 Machi

Mfupa umevunjika mahali pawili. Watampasua na kumtia chuma.

Mzee Tluway amekuja hospitali. Pikipiki ni yake, Silvanus alikuwa anamfanyia kazi. Ni mtu mpole, amekuja na pole na maziwa. Watu wa Mbulumbulu waliokuja kumtazama dada walikuwa wamejaa ukumbini, kila mmoja na lake: vijana hawa hawasikii, vijana hawa wanakimbiza, huyo Silvanus ndivyo alivyo. Mzee Tluway akanigeukia, akaniuliza mimi ndugu wa mgonjwa naonaje.

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema sijui, sikuwepo. Nilisema, "Wanakimbiza sana, mzee."

Akatikisa kichwa akaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Upasuaji umekwenda salama. Alhamdulillahi.

Jumapili, 23 Machi

Dereva mmoja aliyekuja kununua taa amenipa habari bila kujua ananipa nini. Mzee Tluway amemnyang'anya Silvanus pikipiki. Pale kijiweni kwao hawataki hata akae kwenye benchi, wanasema amewachafulia jina, abiria wanaogopa.

Nimemfungia taa yake kwenye gazeti. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Dada ameruhusiwa. Tumempa chumba cha mbele. Majirani wanakuja, wanamtazama, kisha wananitazama mimi. Mama mmoja amesema wanaume wa kuwatunza dada zao hivi wamekwisha. Dada akasema, "Ndiyo, Yasini ananitunza." Hakuweka kitu chochote kwenye sauti. Nilikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Ameuliza habari za Silvanus. Nimemwambia yuko salama, bega limepona, anaendelea na kazi yake.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mvua tangu alfajiri. Hanifa amepika pilau, dada amekula akiwa kitandani, ameomba chumvi iongezwe. Hanifa na yeye wakacheka mpaka wakafuta machozi. Sikujua wanacheka nini. Sharti langu la nyuzi limekwisha leo, na gitaa halina hata mgongo.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeingia kibandani mara ya kwanza tangu siku ile. Ubavu ule wa pili uko kwenye kalibu, umekauka, haujarudi hata unywele mmoja. Ni kazi bora zaidi niliyowahi kufanya kwa mikono hii. Nilitaka kuutia motoni. Badala yake nikaufunika kwa gunia nikatoka.

Jumatano, 9 Aprili

Dada amesema anasikia kimya kule nyuma. Kabati limekwisha? Nikamwambia bado.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeanza tena. Siwezi kujitetea. Mvua hainyamazi, duka halina mtu, na ndani ya nyumba kila nikipita mlango wa chumba cha mbele naona mguu ule mweupe wa bandeji umelazwa juu ya mto. Kibandani kuna kazi ambayo haiulizi kitu. Nimegundisha pembe na vipande vya ndani. Kwa saa nzima nilisahau. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesahau.

Jumamosi, 19 Aprili

Hili nitaliandika lote.

Asubuhi nilikuwa nafungua geti, nikamkuta mama wa Kiiraqw amesimama kwenye matope na mwavuli uliovunjika ubavu. Kwapani ana kuku, mkononi mfuko wa unga. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Akasema anaitwa Brigita, mama yake Silvanus. Kesho ni Pasaka na hawezi kwenda kanisani na jambo hili moyoni. Amekuja kumwona mgonjwa, amwombe radhi kwa niaba ya mwanawe. Alisema Silvanus mwenyewe ameona aibu kuja. Siku hizi hali chakula vizuri, hasemi na mtu, anavunja mawe kwa watu na lile bega.

Alizungumza akitazama viatu vyangu.

Kutoka pale getini nilisikia sauti ya dada chumbani, anazungumza na Hanifa, anacheka. Nikamwambia mama yule mgonjwa amelala. Daktari amesema asisumbuliwe.

Akakubali mara moja, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo. Akanikabidhi kuku na unga kwa mikono miwili, akasema, "Mwambieni tunamwombea. Na wewe baba, asante kwa kutotushtaki polisi." Akaondoka. Nilisimama na kuku mkononi mpaka mwavuli ukakunja kona.

Dada aliuliza kutoka ndani nani alikuwa getini. Nikasema mteja.

Hanifa alinikuta nyuma ya tangi la maji namfunga kuku kamba mguuni. Alikuwa ametoka chumbani kwa dada, na kutoka mlango wa mbele akasikia nilivyomrudisha mama yule. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi sitamwambia. Ni dada yako. Lakini huyo kuku simchinji, na uji wa wifi kuanzia leo utampelekea mwenyewe."

Jumapili, 20 Aprili

Nimempelekea uji. Ameunywa wote, akanishukuru.

Jumanne, 22 Aprili

Uji.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua kidogo leo. Baada ya kutoka msikitini nimemsaidia dada kukaa barazani, mguu juu ya kigoda, sinia la mchele mapajani. Alipenda kufanya kazi hata ndogo. Kuku wa Brigita alikuwa anatembea kwa kamba yake karibu na tangi. Dada akamwangalia muda mrefu.

"Kuku wa nani yule?"

Nilifungua mdomo nikaona uongo mwingine unakuja peke yake, umeshavaa nguo. Nikaketi chini kwenye ngazi, nikampa mgongo. Sikuweza kumtazama.

"Dada, siku ile betri haikuwa imekufa."

Aliendelea kuchambua. Nilisikia punje zinapita kwenye sinia.

"Najua," akasema.

Nikasema ni kwa sababu gari liliwaka.

"Sikungoja liwake. Nilijua palepale kwenye simu. Yasini, wewe unauza betri."

Siku zote hizo nilikuwa nimejitayarisha kwa ajili ya lile neno lake la kwenye gari. Nilikuwa na majibu ya jirani, ya waya, ya jina la jirani. Duka langu lina rafu nzima ya betri na mimi mwenyewe sikuwahi kuliona hilo.

Akaniambia yaliyompata baada ya kukata simu. Alisimama uani kwake na hotipoti mkononi, akawaza, mdogo wangu amenichoka. Hakukasirika. Aliona aibu. Akajiambia atakuja mwenyewe, afike kabla ya adhana, ili nione kwamba hakuhitaji gari langu. Akaenda kijiweni. Silvanus alimwambia, mama, wingu lile si zuri, tungoje lipite. Dada akamwambia kama anaogopa atatafuta mwingine. Njiani kijana alikwenda polepole, akasimama mara mbili, akamsihi washuke wajikinge. Alikataa mara zote mbili, na kwenye mteremko tope likawaangusha.

"Kwa hiyo mguu huu tumeuvunja wawili," akasema. "Wewe kwa uvivu, mimi kwa kiburi. Yule kijana hayumo."

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza kama nilitaka amani. Nikamwambia yaliyobaki: nilichomjibu Mzee Tluway, pikipiki iliyochukuliwa, mawe, kijiweni, mama yake getini, mgonjwa amelala.

Punje zikaacha kupita. Nilipogeuka alikuwa ameweka sinia chini, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo, hata alipokuwa chini ya ule upenu.

"Hilo sikulijua," akasema. "Uliniambia anafanya kazi. Mimi nimelala humu, nanyweshwa uji, nasema nikipona nitakwenda kumshukuru."

Akaomba Hanifa aje amwingize ndani. Hanifa, si mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Hasemi na mimi.

Jumanne, 29 Aprili

Bado.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi, duka limefungwa. Nimekwenda kwa Mzee Tluway peke yangu. Gari limekwama mara moja, nimeingia kwake na tope mpaka magotini. Nimemwambia sikuwepo siku ile, sikujua kitu, nilisema tu. Nimemweleza maneno ya dada yote.

Alinisikiliza bila kunikatisha. Akasema pikipiki ameshampa mtoto wa nduguye, na huyo amekwisha kuoa kwa kuitegemea. Hawezi kumnyang'anya huyu naye kwa kosa lisilo lake. "Ungesema siku ile, baba," akasema. Aliniletea chai, ikawa moto sana, nikainywa hivyo hivyo.

Nilitegemea kurudi nimepungukiwa mzigo. Nimerudi nao.

Jumamosi, 3 Mei

Dada amenisemesha. Nilipompelekea uji asubuhi aliniuliza, kule nyuma unatengeneza nini hasa, maana kabati halipigwi msasa kwa miezi.

Nikamwambia gitaa. Nikamwambia pia ndicho nilichokuwa nacho mkononi alipopiga simu.

Alishika bakuli lake kwa mikono miwili. Nilifikiri atalirusha. Akasema, "Basi limalize. Nimevunjika kwa ajili yake, siwezi kuambiwa halikwisha."

Jumatano, 7 Mei

Mgongo umegundishwa. Kasha limefungwa.

Jumatatu, 12 Mei

Shingo. Patasi imenikata kidole gumba. Nilifurahi kuona damu, kisha nikaona ni upuuzi. Damu ya kidole haimrudishii mtu kazi.

Jumatatu, 19 Mei

Vanishi, lakini hewa ina unyevu, haikauki. Mvua sasa zinakuja jioni tu. Dada anatembea kwa magongo mpaka jikoni. Amekuwa akija kibandani kuketi mlangoni. Haongei sana. Leo ameshika kasha akaligeuza, akapitisha kidole ubavuni, kwenye kiuno. Ubavu ule wenyewe. Alijuaje sijui, labda ni kwa jinsi nilivyoacha kupumua. Akalirudisha mezani.

Zamani nilidhani anapiga simu kwa sababu anataka vitu. Dawa, mbolea, kliniki. Leo nimemwuliza kama siku hizo angeweza kupanda gari la abiria. Akasema angeweza. Lakini kwenye gari la abiria angezungumza na nani?

Ijumaa, 30 Mei

Nyuzi zimefika. Parmuat ameniletea kutoka Arusha. Ni mwongoza watalii, mtu wa Ololosokwan, mteja wangu wa siku nyingi, na jioni hupiga gitaa kwenye loji. Mimi najua vidole viwili vitatu tu, kwa hiyo nimempa yeye alijaribu kwanza. Alikaa barazani, akakaza, akasikiliza, akakaza. Kisha akapiga.

Nilikuwa nimeomba, kimoyomoyo, liwe baya. Liwe na sauti ya ndoo. Ningelitundika ukutani kama adhabu na mambo yangekuwa sawasawa. Lakini lilitoa sauti ya chini, yenye joto, ikajaa baraza lote. Parmuat alisimama katikati ya wimbo akanitazama, akasema kwa wageni wake huwa anapigia gitaa la kiwandani ambalo halifikii hili. Akaniuliza mbona nina uso wa msiba.

Hanifa alikuwa amesimama dirishani, na dada nyuma yake kwa magongo, amefumba macho.

Jumatano, 11 Juni

Daktari amesema mfupa umeshika. Gongo moja linatosha, na anaweza kurudi kwake. Dada amesema kabla ya kurudi kwake tutapita kwa Silvanus, na tutakwenda na kuku.

Kuku ametaga siku hizi zote. Hanifa amefunga mayai kwenye kikapu chenye pumba.

Jumamosi, 14 Juni

Barabara imekauka. Njia nzima ngano imesimama, mahindi yanaanza kugeuka rangi, watu wako mashambani wanang'oa maharage. Dada alikaa mbele, kuku miguuni. Hakukosoa uendeshaji wangu, na nilitamani angekosoa.

Silvanus tulimkuta kwenye shamba la watu, anapiga maharage kwa fimbo kwa mkono mmoja. Mkono mwingine haupandi juu ya bega. Mama yake alikuwa anapepeta. Alipomwona dada anashuka kwa gongo alitupa ungo akakimbia kumshika, na dada akamwambia maneno mengi sikioni ambayo sikuyasikia. Wote wawili walilia. Niliweka kuku na kikapu cha mayai karibu na ungo.

Mimi nilimwendea Silvanus. Ni kijana mrefu, mkimya. Nilimwambia yote, kuanzia betri. Sikuweka labda wala bahati mbaya. Nikamwambia nimesema kwa Mzee Tluway. Nikamwambia kuna mtu namjua ana pikipiki anatafuta dereva, na mimi nitakuwa mdhamini wake, vipuri juu yangu.

Aliendelea kupiga maharage mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Na pale kijiweni umesema?"

Nikasema hapana.

"Kwa mzee ulisema nyumbani kwake, mkiwa wawili," akasema. "Mimi nilisemwa mbele ya watu."

Basi tukaenda. Yeye alitangulia kwa miguu, hakutaka kupanda gari langu. Kijiweni walikuwepo madereva kama kumi wamekaa juu ya pikipiki zao, wanangoja abiria wa mnada. Walinijua, wengi hununua kwangu. Nilisimama katikati yao. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yakanitoka yote. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia Mzee Tluway kwamba Silvanus anakimbiza. Sikuwepo. Sikuona kitu. Dada yangu alikuwa kwenye pikipiki kwa sababu mimi nilimdanganya ili nisiende kumchukua, nilikuwa nafanya mambo yangu ya starehe. Silvanus alikataa kuondoka, alilazimishwa, akaendesha polepole, na akaumia. Nikasema naomba radhi kwake na kwao.

Mmoja alianza kufuta taa ya pikipiki yake kwa kitambaa. Mwingine alitazama barabara. Nilisikia masikio yangu yanawaka. Nilitaka mtu anitukane ili jambo liishe, lakini hakuna aliyenipa hata hilo.

Dada Zuena alikuwa ameshuka kwenye gari. Alikuja na gongo lake, polepole, mpaka mbele ya benchi. Aliwasalimu wote, wakamwitikia, shikamoo mama. Kisha akamgeukia Silvanus.

"Nataka kwenda nyumbani," akasema. "Utanipeleka?"

Silvanus alisema hana pikipiki. Na bega lake bado halijapona.

"Bega litatosha mpaka kwangu. Twende polepole kama siku ile."

Kisha yule aliyekuwa anafuta taa akashuka kwenye kiti, akaigeuza pikipiki yake ikielekea barabarani, akampa Silvanus ufunguo. Wengine wawili wakamnyanyua dada, wakamkalisha upande, wakamwekea kanga yake sawa. Akamshika Silvanus kiunoni kwa mikono miwili. Nilimwona dada anavyoikaza ile mikono ili hofu yake isionekane.

Gongo alikuwa ameshanipa, bila kunitazama.

Wakaondoka. Polepole kweli, kama mtu anayebeba maji ya kujaa. Watu walitoka madukani kuwatazama. Niliweka gongo kwenye kiti cha nyuma, nikawasha gari, nikawafuata. Kila walipofika kwenye shimo Silvanus alisimama kabisa, akaweka mguu chini, akavuka taratibu, na mimi nyuma nikasimama pia. Sikupiga honi. Sikujaribu kuwapita. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani kwake, kijana, dada yangu, na mimi nyuma yao kwenye vumbi lao.